Kigunduzi Kinaponyamaza: Mjadala wa Mkemia, Bwana Afya na Tabibu

Miongoni mwa hikima ambazo wanazuoni wa kemia wameziendeleza kwa muda wa karne moja na nusu, iko moja ambayo habari zake hazijaenea sana katika lugha yetu, ingawa manufaa yake yamekwisha kuingia katika hospitali zetu, nayo ni hikima ya kutunga molekuli ambazo, zikutanapo na kitu maalumu, kikiwa ni metali kama zebaki na shaba, au kitu cha uhai kama kimeng'enya na kipande cha urithi wa bakteria, hutoa nuru ambayo hapo kabla hazikuitoa. Molekuli za namna hiyo nitaziita vigunduzi vya nuru. Sifa zake zimesemwa sana na waliozitunga, na wamestahili kusema. Lakini liko suala moja ambalo, kwa maoni yangu, halikupewa haki yake, nalo ni hili: kigunduzi kisipowaka, je, yatujuzia kusema kwamba kitu kile hakipo? Ili suala hili litazamwe kwa pande zake, nawaweka mbele ya msomaji watu watatu wa kubuni, ambao kila mmoja nimempa hoja za wale waishio na kazi hiyo: Mkemia, mwanamke ambaye shughuli yake ni kutunga vigunduzi, Bwana Afya, mwenye dhamana ya afya katika wilaya moja ya kando ya Ziwa Viktoria, na Tabibu, msimamizi wa maabara ya hospitali.

MKEMIA: Mabwana zangu, nawashukuru kwa kunitanguliza, na kwa kuwa asiyejua shina la jambo hawezi kuyahukumu matawi yake, nitaanza na shina. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, mwanachuoni wa Cambridge, aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo ukagawanyika rangi zake, kisha akakisogeza kichupa cha maji ya kwinini, dawa ile ile ya homa ambayo wazee wetu waliijua kwa uchungu wake, kutoka rangi hata rangi. Na kilipovuka mpaka wa urujuani, mahali ambapo jicho haliambui kitu, kwinini ikatoa nuru ya samawati. Akabainisha kwamba vitu vya aina hiyo hupokea mwanga wa mawimbi mafupi na kuurudisha kwa mawimbi marefu zaidi, na hali hiyo ndiyo iitwayo fluoresensi. Haikupita miaka mingi, mnamo 1867, Friedrich Goppelsroeder akaona kwamba morini, rangi ya manjano itokayo katika miti ya jamaa ya mforsadi, hung'aa kijani inaposhikana na alumini, na kwa hiyo mwenye kutaka kuijua alumini iliyofichika katika maji akapata njia ya kuijua kwa jicho.

Tangu siku hizo msingi wa kazi yetu haukubadilika, ingawa ustadi umezidi. Twatafuta sehemu ya kushika, inayopendelea kitu kimoja na kuvikataa vingine. Twatafuta sehemu ya kung'aa. Kisha twaziunga pamoja kwa namna ambayo tendo la kushika liibadilishe nuru. A. P. de Silva, mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, aliiwekea fikra hii utaratibu ulio wazi: sehemu ya kushika, ikiwa tupu, huitupia elektroni sehemu ya kung'aa mara tu inapopokea mwanga, na ile nguvu ambayo ingetoka kwa sura ya nuru hupotea bure; lakini metali inapoingia mahali pake, huizuia elektroni isiondoke, na nuru hutoka. Naye Roger Tsien alichukua EGTA, kemikali ambayo huikamata kalsiamu kama kaa akamatavyo kwa magando, akaitia pete za benzini, na kwa njia hiyo, mwaka 1985, yeye na wenziwe wakatoa kigunduzi cha kalsiamu kiitwacho fura-2. Na kwa kuwa molekuli zenye chaji hazipenyi katika utando wa seli, walizifunika kwa esta, zikapenya, na vimeng'enya vya seli yenyewe vikaziondoa esta zile, molekuli zikanaswa ndani. Ndivyo mwanadamu alivyoweza kuitazama kalsiamu ikipanda na kushuka ndani ya seli moja iliyo hai, bighairi ya kuiua wala kuipasua. Elimu ya namna hii nani atakayeitilia shaka?

BWANA AFYA: Bibi Mkemia, elimu siitilii shaka, na waliyoyatenda mabwana hao nayaheshimu. Lakini mimi ni mtu wa kwenda vijijini, na kule siulizwi kalsiamu imepanda au imeshuka. Naulizwa kama maji haya yanyweka na kama samaki huyu analika. Wachimbaji wadogo wa Geita na sehemu nyingine za huko huichanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko ule ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Na zebaki ile haipotei, kwani hurudi ardhini na majini, na bakteria wa matopeni huigeuza sehemu yake kuwa methilizebaki, ambayo hupanda kutoka kiumbe hata kiumbe mpaka ikakaa katika nyama ya samaki mkubwa alaye wadogo. Yaliyotokea Minamata, nchini Japani, hayahitaji tafsili ndefu: ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956, na serikali ya huko haikukiri chanzo chake, yaani methilizebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, hata mwaka 1968, na katika muda huo watu waliendelea kula samaki. Mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi 2017. Lakini mkataba haupimi maji, wapimaji ni sisi.

Sasa sikiliza haja yangu. Kigunduzi chako kikiwaka, kazi yangu ni nyepesi: nitawazuia watu, nitapeleka sampuli kwenye mashine kubwa ya mji mkuu, na nikiwa nimekosea, hasara ni usumbufu wa siku chache. Lakini kisipowaka, mama mjamzito aniulizaye atakwenda kumpika samaki wake kwa ajili ya neno langu, na mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio uumbikao, atalipokea neno lile bila ya kuulizwa. Kwa hiyo mimi, bibi yangu, nuru yako sina hofu nayo. Hofu yangu yote ni juu ya giza lake.

MKEMIA: Hoja yako ni nzito, Bwana Afya, na nakiri kwamba zebaki ni hasimu wa kazi yetu kwa tabia yake. Atomu nzito kama yake, ikikaribia molekuli ing'aayo, aghalabu huizima, kwa maana nguvu ya mwanga hupotoshwa njia ikatoka kwa joto. Na shaba yenye chaji mbili nayo huzima vivyo hivyo kwa sababu ya elektroni yake isiyo na mwenzake. Ndiyo maana vigunduzi vingi vya zamani vya metali hizi vilikuwa vya kuzimika, na mtu aliyeviona vikizimika hakujua kama ni zebaki, ama ni shaba, ama ni oksijeni, ama ni rangi yenyewe iliyochakazwa na mwanga. Lakini njia ilipatikana. Anthony Czarnik na wenziwe nchini Marekani walionyesha, katika miaka ya 1990, kwamba badala ya kuitaka metali ikae karibu na molekuli, yawezekana kuiacha itende kazi ya kemia juu yake kisha iende zake. Mwaka 1997 walichukua rodamini, wakaifunga pete hata ikapoteza rangi na nuru yake yote, na shaba ilipoifungua pete ile, rangi ya waridi ikadhihiri na nuru ikatoka. Mwaka 2005 wakemia wa Korea Kusini walifanya mfano wake kwa zebaki, kwa kutumia mapenzi makubwa iliyo nayo zebaki kwa salfa: zebaki huing'oa salfa, pete hufunguka, na giza hugeuka nuru. Kigunduzi cha namna hii hakirudi nyuma. Kikisha kuwaka kimewaka. Je, hayo hayakutoshi?

BWANA AFYA: Yananifurahisha, hayanitoshi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa zebaki katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 6 katika lita, nayo, nikihesabu kwa hesabu zenu, ni nanomoli 30 hivi. Maji ya kisima yenye miligramu 40 za kalsiamu katika lita, jambo lisilo la ajabu, yana ioni za kalsiamu zinazoizidi zebaki ile mara elfu 30 na zaidi. Na pamoja na kalsiamu iko magnesi, iko chuma, iko kloridi ishikanayo na zebaki, na uko weusi wa majani yaliyooza, ambao una salfa yake wenyewe na huivuta zebaki kwayo. Aliyekijaribu kigunduzi katika maji safi ya maabara yake ameyapima maji ambayo hakuna anayeyanywa. Na katika samaki jambo ni zito zaidi, kwani humo zebaki si ioni iliyo huru. Ni methilizebaki iliyokwisha kufungamana na salfa za protini, na kigunduzi kilichotungwa kwa ajili ya ioni iliyo huru majini kitaletwa mbele ya samaki aliyejaa sumu, nacho kitanyamaza, na kunyamaza kwake hakutakuwa uongo, kwa sababu kitu kilichoulizwa nacho hakimo. Aliyekosea ni muulizaji. Lakini mwenye kudhurika si muulizaji.

TABIBU: Ndugu zangu, nimewasikiliza nyote wawili, na naona kwamba kila mmoja ameshika ncha moja ya kamba. Niruhusuni nilete mambo matatu kutoka katika maabara yangu, kwani sisi huko giza twalisoma kila siku, wala hatukuliacha bila ya mashahidi.

La kwanza ni la chumvi za damu. Mgonjwa wa kuharisha aliyeishiwa maji twataka kujua sodiamu yake upesi, nayo kwa mtu mzima mwenye afya ni kiasi cha milimoli 140 katika lita. Mtu asiyejua atadhani kwamba kigunduzi bora ni kile kishikacho kwa nguvu zaidi. Kumbe kigunduzi chenye mshiko mkali kingejaa sodiamu papo hapo na kuwaka kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, tusione tofauti. Kinachotakikana ni mshiko dhaifu uliokadiriwa, ambao nusu ya molekuli zitashika na nusu zitaachia karibu na kiwango kile kile tunachokitafuta. Na kwa kuwafuata akina de Silva katika fikra hiyo zilitengenezwa mashine ndogo zinazopima chumvi za damu kwa nuru. Basi nguvu ya kushika si fadhila yenyewe; fadhila ni kuwafikiana na kiwango cha kitu kinachoulizwa. Kigunduzi cha zebaki kinachoanza kuwaka katika mikromoli 10, hata kikiwa kizuri namna gani katika picha, kwa Bwana Afya ni kipofu, kwa kuwa mpaka wake yeye uko chini ya hapo mara mamia.

La pili ni la kifua kikuu. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer, walipokuwa New York, walitunga uzi mfupi wa DNA uliojikunja kama kitanzi, ncha yake moja ina rangi ing'aayo na ncha ya pili ina kizimaji. Uzi ukikutana na mwenzi wake katika kiumbe kinachotafutwa hunyooka, kizimaji huwa mbali, na nuru hutoka. Juu ya hikima hiyo ilijengwa mashine ya Xpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010 na ambayo leo imo katika hospitali zetu nyingi. Katika kipimo chake cha 2010 viliwekwa vigunduzi vitano, vyote vikiliangalia pande moja la herufi 81 katika jeni iitwayo rpoB, mahali ambapo bakteria hubadilika anapotaka kuishinda dawa ya rifampisini. Vikiwaka vyote vitano, bakteria yumo na dawa yafaa. Kimoja kikikosa kuwaka ilhali wenziwe wanne wamewaka, twajua kwamba herufi za mahali pale zimebadilika na dawa ile haitamfaa mgonjwa. Hapa, Bwana Afya, giza lenyewe ndilo habari, na habari ya thamani kuu, kwa sababu limezungukwa na nuru nne zinazolishuhudia. Na wakati vyote vitano visipowaka, je? Waliotengeneza mashine walitia ndani yake mbegu za bakteria mwingine asiye na madhara, zenye kigunduzi chake zenyewe. Mbegu zile zikiwaka na kifua kikuu kisiwake, twaandika kwamba hakipo. Zisipowaka hata zile, mashine hukataa kutoa hukumu, nasi twarudia kipimo.

La tatu limenigusa kwa sababu ya aliyelifanya. Mireille Kamariza, mzaliwa wa Burundi, akiwa pamoja na Carolyn Bertozzi huko Marekani, alitangaza mwaka 2018 kigunduzi kilichofungamanishwa na trehalosi, sukari ambayo bakteria wa kifua kikuu huitumia kujenga utando wake wa nje. Katika maji kigunduzi hicho karibu hakina nuru. Bakteria akiila ile sukari na kuitia katika utando wake wa mafuta, nuru huzidi mara 700 na zaidi. Rangi ya auramini tuliyoizoea huwapaka walio hai na waliokufa pamoja, hata haitupi jibu la haraka juu ya dawa, lakini hii humwangaza yule tu ambaye bado anajijenga. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliye katika matibabu huenda siku moja akaambiwa, kwa giza la hadubini, kwamba dawa inafanya kazi. Nami naliuliza giza hilo suala lile lile: je, bakteria wamekufa, au makohozi yalichukuliwa vibaya? Mpaka nipate shahidi wa pili, sitamwambia mgonjwa neno.

MKEMIA: Bwana Tabibu, umeniauni kuliko nilivyotarajia, kwani sasa naweza kumwonyesha Bwana Afya kwamba hata sisi wa metali tuliujua ushahidi wa pili. Fura-2 haitazamwi kwa nuru moja. Huangazwa kwa mwanga wa nanometa 340, kisha kwa 380, na nuru itokayo hupimwa karibu na 510. Kalsiamu inaposhikwa, jibu la 340 hupanda na la 380 hushuka, na kinachosomwa ni uwiano wa hayo mawili. Seli ikiwa nene au nyembamba, rangi ikiwa imeingia nyingi au kidogo, uwiano haudanganyiki kwa hayo, na kigunduzi kisicho na kalsiamu hakinyamazi: husema, kwa 380, kwamba kipo, kizima, na hakikuona kitu. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kutokuwapo na kutokusema.

TABIBU: Ni kweli, bibi, na uwiano ni katika mambo bora yaliyotungwa katika fani yako. Hata hivyo insafu yatulazimu kuongeza kwamba fura-2 huishika zinki kwa nguvu kuliko inavyoishika kalsiamu yenyewe, na mahali penye zinki iliyo huru uwiano utapanda na mtazamaji atasifu kalsiamu isiyokuwapo. Dawa yake yajulikana: hutiwa kemikali nyingine, TPEN, ambayo huinyang'anya zinki na kuiacha kalsiamu, na nuru ikishuka mwenye kuangalia hujua amekuwa akitazama nini. Kadhalika kigunduzi chenyewe huila sehemu ya kalsiamu kinayoipima, na kikitiwa kingi huituliza ile ile misukosuko iliyotakiwa kuonwa. Basi shahidi wa pili naye ana haki ya kuulizwa.

BWANA AFYA: Sasa tumekaribiana. Mimi sikuja kuwazuia watungaji, nimekuja kudai. Nitakapoletewa kigunduzi cha zebaki, nisionyeshwe kwanza kichupa kinachong'aa waridi juu ya meza. Nionyeshwe maji ya kisima changu, yakiwa na udongo na weusi wake, yametiwa zebaki kwa kipimo kinachojulikana, mikrogramu 6 kwa lita, na kigunduzi kikawaka. Kisha nionyeshwe maji yale yale yasiyotiwa kitu, na kigunduzi kisiwake. Nikiyaona hayo mawili kwa pamoja nitaliamini giza la kichupa cha tatu. Na kwa samaki, nyama yake iyeyushwe kwanza kwa asidi na joto mpaka zebaki iachane na protini na methili, ndipo iulizwe. Na kama kazi hiyo haiwezekani kijijini, niambiwe waziwazi kwamba kigunduzi hiki ni cha maji, si cha samaki, nami nitajua mpaka wa neno langu.

MKEMIA: Dai lako nalikubali, na nalikubali kwa faida yangu mwenyewe. Ninapotunga nikijua kwamba nitaulizwa juu ya giza, nitachagua tangu mwanzo sehemu ing'aayo yenye nuru mbili, nitakadiri mshiko kwa mpaka wa sheria badala ya kwa sifa ya kuonekana, na nitatafuta maji ya visima kabla ya kuandika neno.

Hapa nawasimamisha, kwa kuwa watatu hawa wamefika mahali ambapo tofauti yao imekuwa ya kazi, si ya rai tena. Kwa upande wangu, hukumu ninayoitoa ni kwamba kigunduzi cha nuru hakistahili kuitwa kipimo mpaka kunyamaza kwake kuwe na maana iliyothibitishwa. Vigunduzi vingi vinavyotangazwa kila mwaka katika majarida ya kemia ya dunia vimepigwa picha vikiwaka, na uzuri wake hakuna aukataaye. Ila vile vilivyoingia katika maisha ya watu, kuanzia kalsiamu ya seli hadi kifua kikuu cha mgonjwa wa kijijini, aghalabu ni vile ambavyo watungaji wake walihangaika na giza kwa bidii ile ile waliyohangaika na nuru, wakaliwekea uwiano, au mbegu za kushuhudia, au wenzi wanne wanaowaka pembeni.

Na kazi hii ni ya kwetu pia. Kuitunga molekuli mpya kwahitaji mitambo na fedha ambazo vyuo vyetu huenda visizipate upesi. Lakini kuchukua kigunduzi kilichokwisha kutungwa, kukiweka katika maji ya Geita au ya kisima cha Pwani, kuyatia maji yale zebaki au risasi kwa kipimo, na kuandika bila ya upendeleo ni wapi kiliona na ni wapi kilinyamaza, ni kazi ambayo mwanafunzi mwenye mizani nzuri, taa ya urujuanimno na uaminifu aweza kuifanya Mwanza, Nairobi au Kampala, wala hakuna aliye na haki zaidi ya kuifanya kuliko wanywaji wa maji yenyewe. Wakemia wetu wakilichukua jukumu hilo, Bwana Afya atakuwa na karatasi mkononi inayomwambia neno la «hakuna» lina uzito gani, na mama aliyemuuliza atakuwa amejibiwa kwa ushahidi.